Uzoefu wangu: ekzosi ya inchi tatu kila upande na katauti za umeme kwenye Hilux yenye V8

"Bosi, wewe ulitaka mlio, mlio umeupata. Sasa unalia nini?"

Hayo niliambiwa na mwenye gereji mbele ya vijana wake, nimesimama na risiti mkononi, siku chache tu baada ya kutoka kuzika. Jina lake na la gereji nayaacha. Iko Dar, ofisi ina kiyoyozi na picha za magari ya mashindano ukutani, na kwa muda nilikuwa nawaelekeza watu huko kwamba nimepata mafundi wa kweli. Ninaandika hasira ikiwa bado haijapoa.

Gari ni Hilux dabo kabini ya zamani niliyoipandikiza injini ya 1UZ, ile V8 ya lita nne iliyoanza mwaka 1989 kwenye Lexus LS400 na Celsior. Wanaoijua hawahitaji maelezo. Nilitaka ipande milima ya kwetu Iringa na mzigo bila kuhema, na siku nikiwa peke yangu barabarani niisikie sauti yake.

Nilikwenda na hesabu yangu kichwani: inchi mbili na robo kila upande wa injini, mabomba yakutane chini, kisha bomba moja la inchi tatu hadi nyuma. Mwenye gereji akacheka. "Mkuu, hiyo ni V8. Weka inchi tatu kila upande mpaka mwisho. Ukubwa ndiyo nguvu." Nikakubali, maana fundi ni yeye. Akaniongezea katauti mbili za umeme, yaani vile vilango vinavyomwaga moshi kando kabla haujafika kwenye sailensa. Ukibonyeza swichi vinafunguka na gari linanguruma, ukibonyeza tena linatulia.

Wiki za mwanzo nilikuwa na furaha kubwa, sikatai. Alfajiri barabara ikiwa tupu, dirisha chini, nafungua vyote viwili, na ule mlio unapanda kutoka chini ya kiti mpaka kifuani. Hata hivyo kuna kitu nilikihisi mapema nikakinyamazia. Gari lilikuwa limepoteza nguvu ya kuanzia. Zamani nikiwa na mifuko ya saruji nyuma linaondoka kwa kukanyaga kidogo, sasa mpaka nilipandishe mizunguko ndiyo lizinduke.

Kisha mjomba akafariki.

Tuliondoka usiku, mama kando yangu, wanangu wawili nyuma. Mikumi tumepita vilango vimefungwa, kimya kabisa. Tulipofika Kitonga malori yamejipanga yanakwea kwa gia ya kwanza, nikabonyeza swichi ili nipate pumzi ya kuyapita. Tukayapita. Juu kule nikabonyeza tena kufunga. Cha kushoto kilifunga. Cha kulia, upande wa dereva, kilibaki wazi.

Sauti ya V8 iliyofunguliwa pande zote mbili inavumilika. Ikifunguliwa upande mmoja inapasuka vipande, kama mashine ya kusaga inayokohoa. Nilibonyeza swichi mpaka kidole kikauma. Nikasimama, nikazima umeme, nikawasha, nikalala chini ya gari na tochi, lakini pale kilipofungwa spana haipiti, na bomba lina moto usioshikika. Sauti yenyewe haikuwa tatizo kubwa zaidi. Mdomo wa katauti walikuwa wameuelekeza bapa chini ya kabini, moshi ukawa unapanda kwenye sakafu. Mama ndiye aliyesema kwanza: "Mwanangu, hili gari linanuka, kichwa kinaniuma." Mdogo akatapika. Injini ya petroli inatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini. Nilishusha vioo vyote tukaendelea hivyo, baridi ya Iringa inaingia, watoto wamefunikwa kwa kanga za mama. Nikikumbuka hapo natetemeka. Ningekuwa nimewaacha walale vioo vimefungwa, ingekuwaje?

Tulifika watu wameshakaa chini ya turubai, padri anasali. Nilizima injini juu ya kilima nikaliachia gari literemke polepole, breki imekuwa ngumu kama jiwe, lakini mita mia mbili za mwisho ni mwinuko. Ilibidi niwashe. Padri akanyamaza. Watu wote wakageuka. Shangazi alikuja dirishani, macho mekundu kwa kulia, akaniambia maneno matatu tu: "Baba, hata leo?"

Aliyetuokoa ni kijana mmoja pale kijijini, fundi wa mashine ya kusaga. Baada ya mazishi alifungua ile katauti, akanionyesha ndani: meno ya mota ni ya plastiki, yameyeyuka, na mhimili wa kilango umeganda kwa masizi na vumbi. Mota ya plastiki imefungwa kiganja kimoja kutoka kwenye menifodi, pale moshi wa moto unapotokea kwenye injini! Akakata kipande cha bati nene la pipa, akatoboa matundu matatu, akakata gasketi kwenye mabaki ya gasketi ya mashine, akafunga. Kazi ya saa moja. Alitaka elfu tano. Nilimpa zaidi, na ningempa tena.

Ndiyo maana kauli ya yule mwenye gereji iliniingia hivyo. Sikwenda kwake kugombana, nilikwenda na mota iliyoyeyuka mkononi nikitaka anisikilize.

Niliporudi Dar nilimpelekea gari mzee mmoja mchomeleaji niliyeelekezwa. Alipima kwa kalipa, hakusema neno mpaka alipomaliza. Risiti yangu imeandikwa inchi tatu. Kwenye sehemu zilizonyooka kweli ni tatu, lakini kila kona bomba limebonyea, maana lilikunjwa kwa mashine inayolikamua, na nafasi ya ndani imebaki kama ya inchi mbili na nusu. Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu nafasi ya bomba inakwenda kwa mraba wa kipenyo. Inchi tatu inapitisha asilimia 44 zaidi ya mbili na nusu. Kwa hiyo nililipia bomba ambalo ni pana mno linaponyooka na limebanwa mahali pote linapopinda.

Hapa ndipo wengi tunadanganywa. Wako wanaosema injini lazima ibanwe pumzi kidogo ndiyo ipate nguvu ya chini. Si kweli, hakuna injini inayopenda kubanwa. Inachotaka injini isiyo na turbo, yaani ile feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa, ni moshi utoke kwa kasi, ukiwa bado wa moto, ili kila pigo la moshi linalotoka livute lile linalofuata. Ukiweka bomba pana kupita kiasi moshi unapoa, unapunguza mwendo, ule mvuto unakufa. Mabomba mawili ya inchi tatu yana nafasi mara mbili ya lile moja nililolitaka mwanzo, kwa injini ambayo sijaigusa kitu ndani. Mwenye dizeli yenye turbo hili halimhusu, maana kwake baada ya turbo bomba likiwa pana na lenye kona chache ni faida tupu.

Mzee aligundua na jambo la pili. Katauti ya kushoto ilikuwa karibu sana na sensa ya oksijeni, ile inayopima hewa iliyobaki kwenye moshi na kuiambia kompyuta ya injini, na gasketi ya katauti inavuja. Kati ya pigo na pigo, hewa ya nje inanyonywa kupitia ule mwanya, sensa inadhani petroli ni pungufu, kompyuta inaongeza. Miezi yote ile petroli ikiisha haraka nilikuwa namlaumu mwenye kituo cha mafuta.

Sasa gari lina mabomba ya inchi mbili na robo kila upande, kona za kiwandani zisizobonyea zilizounganishwa kwa kuchomelea, yanakutana nyuma ya kabini na kuwa moja la inchi tatu. Nguvu ya chini imerudi. Nilianza kuandika nikikusudia kusema katauti ni upuuzi na anayeiuza ashitakiwe. Siwezi kusema hivyo, maana niliomba mzee aniwekee moja. Haina mota wala swichi, ni bati na boliti tatu, iko nyuma ya viti vyote, mdomo umeelekea nje ubavuni. Nikienda peke yangu naifungua kwa spana, nikirudi naifunga. Jumapili iliyopita niliifungua nikaelekea Bagamoyo, na mlio ule wa pande zote mbili zikiwa zimeungana ni mzuri kuliko wa mwanzo, ni mmoja, mzito, hauna mikwaruzo.

Kwa hiyo katauti ya bati naipa alama zote. Ya umeme, labda ipo iliyotengenezwa kwa chuma na kufungwa mbali na moto, na mtu akiwa nayo sitabishana naye. Lakini kwenye gari linalobeba mama na watoto? Hapana. Nasema hapana, na aliyenifungia chini ya miguu ya mama yangu alijua moshi unakwenda wapi.

Mota zote mbili ninazo kwenye boksi na risiti yake. Laki nane yangu naidai.