Niliuliza volti, nikasahau hezi: mashine zangu mbili za santuri

Mjomba alituachia mikorosho na santuri. Mikorosho tuligawana. Santuri, mia na kitu, hakuna aliyezitaka, zikabaki kwangu mpwa wake. Nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, dansi la zamani, zilizochapwa Nairobi. Mashine yake mwenyewe ilikuwa imeshaliwa na chumvi ya Mikindani, hivyo msimu uliofuata nilipolipwa korosho nikaenda kutafuta nyingine.

Ya kwanza niliipata kwenye mtumba wa Kijapani. Nzuri ajabu: mbao, mkono wa sindano unaong'aa, kifuniko hakina hata ufa. Nyuma imeandikwa volti 100. "Kaka, weka transfoma tu, inapiga hiyo," muuzaji akaniambia. Nikaweka, ikapiga kweli, lakini waimbaji wote walikuwa na mafua na magitaa yamelewa, bendi nzima kama inapanda kilima imebeba jenereta. Nikalaumu mkanda, ule wa mpira unaounganisha mota na sinia linalobeba santuri, nikaubadilisha. Wapi!

Aliyenitoa gizani ni fundi redio mmoja mzee wa Chikongola. Hata bisibisi hakushika, alisoma maandishi ya nyuma tu.

"Mwanangu, volti uliuliza. Hezi je?"

Hezi ni mara ngapi umeme wa ukutani unakwenda na kurudi kwa sekunde moja. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Japani wamegawanyika: mashariki kule Tokyo ni hezi 50, magharibi kule Osaka ni 60. Mota nyingi za zamani za mkanda hufuata hezi za umeme, na transfoma hushusha volti tu, hezi inaziacha kama zilivyo. Mota iliyopangiwa 60 ukiilisha 50 inapoteza sehemu moja kati ya sita ya mwendo wake, kwa hiyo santuri yangu ya 45 ilikuwa ikizunguka 37 na nusu. Dawa ni kuweka puli nene zaidi kwenye mota. Fundi alikuwa tayari kutafuta mtu wa kuikereza, ila mimi nilishachoka. Nikamuuzia mtu aliyeitaka kwa pambo la sebuleni, na nilimweleza yote kabla hajatoa pesa.

Ya pili ni Audio-Technica AT-LP120X, mpya, niliyonayo mpaka leo. Mpwa wangu aliipakata kwenye basi kutoka Dar kama mtoto mchanga, maana buti hatukuiamini. Hii haina mkanda, sinia linazungushwa na mota moja kwa moja. Umeme unapita kwanza kwenye adapta na kugeuzwa kuwa DC, yaani umeme wa kwenda upande mmoja tu kama wa betri, kwa hiyo habari ya hezi imekwisha. Ina mwendo wa 33, 45 na 78.

Siku ya kwanza nusura niirudishe. Sauti ilikuwa imekwaruza, besi imevimba. Kosa langu. Ina kikuza sauti cha santuri ndani yake, na amplifaya ya mjomba nayo ina tundu lake maalumu la santuri, hivyo sauti ilikuwa inakuzwa mara mbili. Nyuma kuna swichi ndogo. Nikaihamisha kwenye PHONO, kikuza sauti cha ndani kikazimika, nyumba ikatulia. Kama amplifaya yako haina tundu hilo, iache kwenye LINE.

Uzito wa sindano niliupima kwa mizani ya sonara, gramu 2 kama kitabu chake kinavyotaka. Hapo ndipo ngoma na gitaa la besi vilipoachana, nikamsikia mpiga tumba ambaye kwenye kaseti za utotoni sikuwahi kujua yupo. Mama watoto, ambaye alikuwa ameuita mradi mzima kichaa cha korosho, alikuja na kiti chake bila kuitwa.

Isiyonipendeza: santuri ikiisha mkono haujiinui. Ukisinzia, sindano inakwaruza katikati hadi asubuhi, na sindano si karanga. Tena usiiweke meza moja na spika, itavuma. Yangu iko juu ya meza ya mninga, na sakafu ni ya saruji, watoto waruke watakavyo.

Nilitaka kupandisha daraja la sindano, kwa sababu za familia ya VM95, ndiyo aina iliyokuja na mashine hii, zinabadilishana: unachomoa hii ya kijani, unachomeka ile nyembamba zaidi ya ML. Mzee wa Chikongola akanizuia. "Osha kwanza." Basi naosha, maji yaliyochemshwa na kupoa, tone la sabuni, kitambaa laini, nikikwepa karatasi ya katikati. Ukungu wa miaka mingi unatoka na ule mlio wa mahindi yanayokaangwa unapungua sana. Jua la mchana sizianikii, zitapinda. Bado kama themanini za kuosha.