Firefox: Kivinjari Ninachokitetea Mbele ya Kaka Yangu

Mimi na kaka yangu hatujawahi kuafikiana kuhusu kivinjari. Yeye ameizoea Chrome tangu aliponunua simu yake ya kwanza ya Android, iliyokuja nayo tayari, nami nimetumia Firefox kwa miaka mingi. Hoja yake ina uzito: manenosiri na alamisho zake humfuata katika kila kifaa anachoingia kwa akaunti yake, na kwa kuwa watengenezaji wengi hujaribu tovuti zao kwanza kwenye Chrome, ni nadra akutane na ukurasa uliovurugika.

Kinachonishikilia Firefox ni uwezo wa kuzuia nisichotaka. Kiendelezi (programu ndogo ya kuongeza ndani ya kivinjari) cha uBlock Origin, ambacho huchuja matangazo na vifuatiliaji kabla havijapakuliwa, hufanya kazi humo bila kupunguzwa makali. Chrome ilianza mwaka 2024 kuondoa viendelezi vya muundo wa zamani, kikiwemo hicho, na toleo jepesi lililobaki halichuji kwa kina kile kile, kwa sababu kanuni mpya hazikiruhusu kiendelezi chenyewe kuzuia kila ombi la ukurasa linapotoka. Kiendelezi hutakiwa kukabidhi orodha ya masharti mapema, kisha kivinjari chenyewe ndicho kinachozuia. Kwenye simu tofauti ni kubwa zaidi, kwani Firefox ya Android hupokea viendelezi, ilhali Chrome ya simu haivipokei. Yeyote aliyewahi kusoma habari ndefu huku matangazo yakiruka juu ya maandishi ataelewa kwa nini silichukulii hili kuwa jambo dogo.

Kaka hunijibu kwamba vivinjari vyote ni kitu kimoja. Kwa sehemu kubwa amesema kweli, na hapo ndipo penye wasiwasi wangu. Opera iliacha injini yake, yaani sehemu inayogeuza msimbo wa tovuti kuwa ukurasa unaoonekana, mwaka 2013, Edge ikafuata mwaka 2020, na Brave na Vivaldi nazo zimejengwa juu ya Chromium, msimbo huria ambao Chrome yenyewe imejengwa juu yake, kwa hiyo anayechagua miongoni mwao anachagua menyu na mpangilio wa vichupo, ilhali ndani injini ni ile ile ya Blink. Zilizobaki nje ya ukoo huo na zenye watumiaji wengi ni WebKit ya Safari na Gecko ya Firefox. Tumeshaona hali hii: Internet Explorer 6, kivinjari cha Microsoft, ilipotoka mwaka 2001 na kutawala, tovuti nyingi ziliandikwa kwa ajili yake pekee, na toleo la 7 halikuja hadi 2006.

Anaponishinda ni kwenye suala la fedha. Mapato mengi ya Mozilla, watengenezaji wa Firefox, hutoka kwa Google, wenye Chrome, inayolipa ili iwe mtambo wa utafutaji wa kuanzia ndani ya Firefox, na sina jibu la kuridhisha kwa hilo. Uhuru unaolipiwa na mshindani ni uhuru wenye mashaka.

Hata hivyo hatukubaki pale pale tulipoanzia. Siku hizi simu yake ina Firefox anayoitumia kusomea habari tu, na kompyuta yangu ina Chromium, ambayo huifungua mara moja kwa wiki kwa ajili ya mkutano wa video ambao mfumo wake unakataa kabisa injini ya Gecko.