Masanduku ya barua pepe: tugawe kwa idara au kwa herufi ya kwanza ya jina?

Seva ya Exchange (programu ya barua pepe ya Microsoft) toleo la Standard inabeba hifadhidata 5 tu za kutunzia masanduku hayo, kwa hiyo mgawanyo unataka akili.

Kwa idara, kikomo cha ukubwa wa sanduku unakiweka mara moja kwa hifadhidata nzima. Uhasibu na ankara zao wapewe kikubwa. Ila ikianguka, uhasibu wote unalala, tena pengine siku ya mishahara.

Kwa herufi, ikianguka moja, kila idara inabaki na watu kazini. Taabu ni majina yetu ya Lubumbashi: Kasongo, Kalenga, Kabamba, Mutombo, Mwamba, Mukendi. K na M zinafurika, Q haina mtu! Basi K ipewe hifadhidata yake, M yake, wengine wabanane.

Mimi nachukua herufi. Vikomo vya wahasibu naviweka sanduku kwa sanduku.