Huelgoat, Ufaransa: kijiji kidogo, mawe balaa

Jamani kama uko Ufaransa na umechoka na makelele ya Paris panda zako mpaka Brittany kule Finistère, kijiji chenyewe unakimaliza fasta ila msitu wake ndo habari ya mjini. Mawe ya granaiti yamerundikana hovyo mtoni, mengine makubwa kuliko daladala, yameota ukoga wa kijani na maji yanapita chini yake unayasikia tu huyaoni. Kuna jiwe wanasema tani 137, La Roche Tremblante, unaegemeza mgongo pale penyewe (ukikosea pa kuegemea linabaki kukutazama tu) unasukuma taratibu na kweli linatikisika, watoto walipagawa. Pango la Shetani lina utelezi kinoma, kandambili acha kwenye gari. Mfereji uliochimbwa karne ya 18 kwa ajili ya migodi ya risasi na fedha una njia tambarare pembeni, hata bibi anatembea fresh. Msituni unaingia bure. Msosi sasa, mgahawa mmoja walitugomea saa nane na nusu mchana eti jiko limefungwa, kuleni mapema au bebeni vyenu. Nyota nne.