Tochi ya Titani na ya Alumini Mfukoni: Uzoefu Wangu wa Kuzibeba Zote Mbili Pwani

Mimi ni fundi wa mashine za boti huko Mtwapa, kaskazini mwa Mombasa, na kwa kazi yangu tochi si chombo cha kungojea umeme ukatike. Karibu kila siku huingiza kichwa katika chumba cha injini ambamo mwanga wa jua haufiki, nikitafuta bomba linalovuja au waya ulioliwa na chumvi, na tochi ya simu hainifai hapo kwa kuwa simu huwezi kuishika kwa meno wala kuibandika ubavuni mwa injini. Nilianza na tochi ndogo ya alumini inayotumia betri moja ya 14500, yaani ya lithiamu yenye umbo kama la AA, yenye smaku mkiani na klipu ya kuning'inizia mfukoni. Baadaye nikanunua ya titani ya muundo ule ule, yenye LED ile ile na saketi ile ile, ili tofauti yoyote nitakayoiona iwe imetokana na metali peke yake. Kampuni siitaji, kwa sababu ninayoyaeleza ni tabia za metali zenyewe na yatajitokeza vivyo hivyo kwa mtengenezaji mwingine.

Hukumu yangu naitoa mapema: kazini nimerudi kwenye alumini, na ya titani nimeipa kazi nyingine inayoifaa zaidi.

Watu wengi wanaoshika tochi yangu ya titani hushangaa kuiona nzito, kwa sababu wamezoea kusikia kwamba titani ni metali nyepesi. Ni nyepesi ikilinganishwa na chuma. Apple ilipotoa iPhone 15 Pro mwaka 2023, fremu ya chuma kisichoshika kutu ilibadilishwa kwa titani na simu ikapungua uzito, na nadhani sifa hiyo ndiyo iliyoenea. Alumini, hata hivyo, ina uzito wa gramu 2.7 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, ilhali titani ya daraja la 5, ambayo ndiyo aloi, yaani mchanganyiko wa metali, inayotumika sana katika tochi za namna hii, ina gramu 4.4. Ganda la alumini lenye gramu 30 litafika karibu gramu 49 likichongwa kwa titani kwa vipimo vile vile, na hapo betri ya gramu 20 hivi bado haijaingia. Katika suruali ya kazi tofauti hiyo haisikiki, lakini kwenye kanzu husikika sana, kwa kuwa mfuko wa kanzu ni kitambaa chepesi kinachoning'inia ubavuni, na ukienda msikitini alfajiri na tochi nzito humo utaisikia ikikugonga paja kila hatua. Mtengenezaji angeweza kupunguza unene wa ganda, kwani titani ya daraja la 5 ina nguvu karibu mara tatu ya alumini ya 6061 kabla ya kuanza kupinda, ila sehemu ya thredi, yaani mistari ya kufungia kifuniko kwa kuzungusha, na ya kichwa haziwezi kupunguzwa sana, hivyo unafuu unaopatikana ni mdogo.

Jambo lililoamua mambo kwangu lilikuwa joto, na hapa nitakaa kidogo.

LED ikiwashwa kwa nguvu kamili, sehemu kubwa ya umeme wa betri hugeuka joto badala ya mwanga, na joto hilo halina njia ya kutoka isipokuwa kupitia ganda la tochi, kisha mkono wa mtumiaji na hewa inayomzunguka. Aloi ya alumini ya 6061 hupitisha joto kwa kiwango cha wati 167 hivi kwa mita kwa kelvini, na titani ya daraja la 5 hupitisha wati 7 tu au pungufu. Hata titani isiyochanganywa na metali nyingine haivuki sana wati 20. Tofauti ya zaidi ya mara ishirini haihitaji kipimo cha maabara ili ionekane. Nikiwasha tochi ya alumini kwa mwanga wa juu kabisa, ganda lote hupata moto kwa pamoja, kuanzia kichwani hadi mkiani, na baada ya muda kidogo mkono huanza kulalamika. Nikifanya hivyo kwa ile ya titani, mkia hubaki wa kawaida kabisa huku kichwa kikiunguza, na saketi, ambayo hupima joto lake yenyewe na kupunguza mwanga inapoona limezidi, hushusha mwanga mapema zaidi. Wapo wanaosifu titani kwamba haipati moto mkononi. Nawaambia kwamba tochi inayokuunguza kiganja inatoa joto nje kama inavyotakiwa, na ile unayoiona ya baridi imelifungia joto hilo ndani, karibu na LED na saketi.

Katika chumba cha injini iliyozimwa punde tu, ambamo hewa yenyewe ina joto kuliko ya nje, ya titani hunipa mwanga mkali kwa muda mfupi sana kabla ya kushuka, ilhali ya alumini huvumilia zaidi, hasa nikiibandika kwa smaku kwenye kipande cha chuma kilichopoa, kwa sababu joto husafiri kupitia mkia na kuingia katika chuma hicho. Kwenye titani mbinu hiyo haisaidii chochote, maana joto haliwahi kufika mkiani. Hata hivyo lazima niitendee haki: mwanga ukiwa wa kadiri, ule unaotosha kusoma namba kwenye kichujio cha mafuta au kutafuta ufunguo chini ya kiti, joto linalozalishwa ni dogo, na sijaona tofauti yoyote kati ya tochi hizi mbili. Mtu ambaye mahitaji yake yote yako katika kiwango hicho anaweza kuiruka aya hii na ile iliyotangulia bila kupoteza kitu.

Chumvi ndiyo iliyonifanya nitamani titani tangu mwanzo. Alumini ya tochi nzuri hufunikwa kwa utando mgumu wa oksidi unaotengenezwa kwa umeme ndani ya tindikali, yaani anodaizi ya aina ya tatu, ambao kwa kawaida huwa na unene wa maikroni 25 au zaidi. Utando huo ni mgumu kweli kweli na haupitishi maji ya chumvi kirahisi, lakini chini yake kuna alumini laini, na ukishatoboka, bahari hupata mlango. Kwenye tochi yangu mlango huo ulikuwa chini ya klipu. Klipu ya chuma kisichoshika kutu ilisugua utando kila nilipoichomeka na kuichomoa, na metali mbili tofauti zikigusana huku katikati yake kukiwa na jasho au maji ya bahari, ile dhaifu ndiyo huliwa, na hapo dhaifu ni alumini. Ukatokea unga mweupe, kisha vishimo vidogo. Tochi bado inafanya kazi bila kasoro, ila ukiitazama chini ya klipu unaona wazi kwamba imeishi pwani.

Ya titani haijapatwa na lolote la namna hiyo. Maji ya bahari kwenye joto letu la kawaida hayaiwezi titani, kwa sababu utando wake wa oksidi hujirudisha wenyewe papo hapo unapokwaruzwa, na ndiyo maana metali hii hutumika katika vipozeo vinavyopitisha maji ya bahari ndani ya meli na mitambo. Nimeivaa kiunoni nikiwa nimelowa, nimeiacha ndani ya boti ikirushiwa maji usiku kucha, na asubuhi nimeifuta kwa kitambaa basi. Ni kweli kwamba mpira wa kuzuia maji ni ule ule kwa tochi zote mbili, kwa hiyo maji yakiamua kuingia ndani titani haitakuokoa, lakini ganda lenyewe halitakuwa tatizo. Kwa mvuvi, au mtu yeyote ambaye mavazi yake hukaukia chumvi mwilini, hii ni sababu inayotosha.

Thredi ni habari nyingine. Titani ikisuguana na titani huwa na tabia ya kung'ang'aniana, metali ikakwanguka na kugandamana, na hata kabla ya kufikia hapo mkono huhisi ukwaruzo usiopendeza kila unapofungua kifuniko kubadilisha betri. Mchanga wa pwani huzidisha ubaya huo. Dawa yake ni grisi ya silikoni, ile inayotumiwa na wanaohudumia vifaa vya kuzamia, iwekwe kidogo na mara kwa mara kuliko ungefanya kwa alumini. Nilisoma pia malalamiko kwamba titani hupitisha umeme vibaya na hivyo hupunguza mwanga. Ni kweli kwamba ukinzani wake ni kama mara 40 ya ule wa alumini, lakini bomba la betri ni fupi na pana kiasi kwamba hasara yake haifai kuhesabiwa. Kinachofifisha au kuchezesha mwanga ni uchafu kwenye thredi na kwenye ncha za bomba, na ukivisafisha tatizo huondoka.

Kuna faida ya alumini ambayo wauzaji hawaitaji mara nyingi, nayo kwa mtu anayebeba tochi mfukoni naiona kubwa kuliko rangi na mapambo yote. Ule utando wa oksidi haupitishi umeme, kwa hiyo thredi zikiwa zimefunikwa nao, umeme hupita kwenye ncha tupu ya bomba peke yake, na ukilegeza kifuniko robo mzunguko tochi haiwezi kuwaka hata swichi ikibonyezwa vipi. Thredi za titani ziko tupu na zinapitisha umeme zenyewe, hivyo kulegeza kifuniko hakusaidii, na unalazimika kutegemea kufuli ya saketi, yaani kubonyeza swichi mara kadhaa kwa mpangilio maalumu. Tochi ndogo ya kisasa ikijiwasha mfukoni kwa nguvu kamili inaweza kuunguza kitambaa na ngozi. Mimi kufuli ya mkono naiamini zaidi, kwa sababu naiona na kuigusa.

Kuhusu mikwaruzo sina mengi. Funguo na sarafu huzichora zote mbili. Alumini nyeusi huonyesha mstari wa fedha pale utando ulipobanduka, na ikiangukia kona kwenye saruji hubonyea. Titani ina rangi moja hadi ndani, kwa hiyo inasuguliwa na kurudi karibu na hali yake ya awali.

Bei ya ile ya titani ilikuwa zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Sababu si uhaba wa madini. Kwale, kusini mwa Mombasa, mchanga wenye ilmenaiti na rutaili, ambayo ni madini ya titani, ulichimbwa na kampuni ya Base Titanium na kusafirishwa ng'ambo kupitia Likoni kuanzia 2014 hadi uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024. Sehemu kubwa ya madini ya namna hiyo duniani hata haigeuzwi metali, bali hutengenezewa rangi nyeupe ya kupaka nyumba na kutia kwenye plastiki. Gharama iko katika kuipata metali yenyewe, ambayo mpaka leo hutolewa zaidi kwa njia ya Kroll, inayohitaji klorini na magnesi na hatua nyingi, kisha katika kuichonga: joto la kukata haliondoki kwenye kipande, linabaki kwenye ncha ya kisu na kukimaliza upesi. Ugumu huo huo wa kupitisha joto unaonisumbua chumbani mwa injini ndio uliomsumbua pia mchongaji, na mimi nimeulipia mara zote mbili.

Kwa hiyo ya alumini inakaa kwenye suruali ya kazi, klipu nimeiondoa, na nimeifunga kamba ya mkononi. Ya titani inakwenda nami baharini usiku, ambako sihitaji mwanga mkali hata kidogo, kwa sababu mwanga mkali hukupofusha kwa dakika kadhaa usione kitu nje ya boti. Huko inawaka kwa kiwango cha chini, haipati joto, na chumvi haiiwezi. Kwa kanzu sibebi yoyote kati ya hizi. Nina nyingine ndogo zaidi ya alumini, ya betri ya AAA, ambayo mfuko hauisikii. Anayetaka kununua tochi moja tu ya mfukoni, na hakai majini, namshauri achukue alumini na pesa inayobaki anunue betri ya pili na chaja nzuri.

Anayeamua kuchukua titani ahakikishe kwanza kwamba ni titani kweli, kwa kuwa jina la tochi halithibitishi kitu: ThruNite Ti3, kwa mfano, huuzwa zaidi ikiwa na ganda la alumini. Smaku haitakusaidia kuzitofautisha, kwani haivuti titani wala alumini. Njia niliyoitumia ni kufungua bomba la betri, kutoa mpira na klipu, na kulipima kwenye mizani ya jikoni inayoonyesha gramu na desimali. Kisha niliweka kikombe cha maji juu ya mizani, nikairudisha kwenye sifuri, na kulizamisha bomba likining'inia kwa uzi bila kugusa kikombe wala kubakiza hewa ndani. Namba inayoonekana ni gramu za maji yaliyosukumwa, ambazo ni sawa na ujazo wa metali ya bomba kwa sentimita za ujazo. Bomba la gramu 18 likiwa la titani litaonyesha kama 4, na likiwa la alumini litakaribia 7, na tofauti hiyo hata mizani ya bei nafuu haiwezi kuikosa.