Kijani cha Land Rover ya Mzee: Huduma ya Kulinganisha Rangi za Magari ya Zamani Jijini Dodoma

Ndani ya miezi miwili nimekwenda mara tatu katika duka moja la kuchanganya rangi za magari lililoko upande wa magharibi wa jiji, nikitafuta rangi ya asili ya Land Rover Series III ya mwaka 1976 ambayo marehemu baba, aliyekuwa bwana mifugo Mpwapwa, aliinunua kwenye mnada. Jina la duka nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu makosa waliyonifanyia mwanzoni nimeyakuta pia kwa wachanganyaji wengine, na kwa sababu waliyarekebisha wenyewe kabla sijaondoka na gari nusu kijani, nusu kijivu.

Anayemiliki Toyota au Mercedes ya zamani hana shida kubwa ya kuanzia, kwa kuwa kibati kilichomo kwenye chumba cha injini kinabeba namba ya rangi, na mchanganyaji akiiingiza kwenye kompyuta anapata fomula. Land Rover za Series hazina msaada huo: kibati chake kinataja namba ya chasisi na mambo ya uzito na gia, lakini hakisemi lolote kuhusu rangi. Kadi ya gari imeandika "kijani", basi. Mimi nilijua kutokana na mwonekano kwamba rangi yetu ni Bronze Green, kile kijani kizito kinachofanana na jani la mzabibu lililokomaa, huku paa na ringi zikiwa Limestone, yaani nyeupe iliyotulia kama mtindi. Nilipolitaja jina la Bronze Green dukani, kompyuta ilileta fomula zaidi ya moja kwa jina hilohilo, na kijana aliyekuwa zamu akaniuliza, "Ni ipi kati ya hizi, mzee?" Swali lilikuwa la haki, ila hakusubiri tulijibu pamoja.

Alichukua mashine ya kusoma rangi, spektrofotometa, akaiweka juu ya boneti, akabonyeza, akarudi ndani kuchanganya. Boneti ile imekaa juani karibu miaka hamsini. Rangi yake ya juu imeoza kwa jua hadi ukipitisha kiganja kinatoka na vumbi la kijani, na ilikuwa na tabaka jembamba la vumbi jekundu la Dodoma ambalo hakulifuta. Mashine haikukosea, ilisoma kwa uaminifu mkubwa rangi iliyochoka. Nilionyeshwa kijiti kilichochovywa kwenye kopo, kikiwa kibichi, chini ya taa ya tyubu, nikakubali kama mtu asiyejua, nikalipa shilingi 30,000 kwa nusu lita pamoja na hadina yake, ile dawa ya kuigandisha rangi iwe ngumu. Nyumbani, rangi ilipokauka kwenye kipande cha bati, ilikuwa ya kijivukijivu, ya kusikitisha, isiyofanana na gari letu la wakati wowote.

Mara ya pili nilikwenda na kitu nilichopaswa kwenda nacho tangu mwanzo: mfuniko wa sanduku la vifaa ulio chini ya kiti cha abiria. Mfuniko huo ulipakwa rangi ileile ya bodi kiwandani, na kwa kuwa umefunikwa na mto wa kiti miaka yote, jua halijawahi kuugusa. Tena ni bapa, jambo lenye umuhimu kwa mashine hizi, kwani sehemu iliyopinda huruhusu mwanga wa nje kupenya pembeni na kuharibu usomaji. Kwa yeyote mwenye gari la aina hii, sehemu nyingine za kutafuta rangi isiyochujuka ni nyuma ya dashibodi, chini ya bawaba za milango, na chini ya vibati vya majina, ukiving'oa kwa uangalifu.

Siku hiyo alikuwapo mchanganyaji mwingine, dada mtulivu ambaye ndiye sababu ya mimi kuandika haya yote. Aliuosha mfuniko kwa sabuni, akaukausha, akasugua eneo la ukubwa wa sarafu kwa dawa ya kung'arishia hadi ule ukungu wa mafuta ukaisha, kisha akasoma sehemu tatu tofauti na kuchukua wastani. Kopo liliwekwa juu ya mizani inayopima hadi sehemu ya kumi ya gramu. Nyeusi aliidondosha kwa kuinamisha mkono wa kopo taratibu, tone likaning'inia, likadondoka, akatazama namba, akasubiri, akaongeza jingine. Katika kijani kizito namna hii nyeusi ikizidi inaweza kuharibu kazi. Niliposogea kuchungulia ndani ya kopo alinizuia kwa heshima: "Mzee wangu, usiiangalie ikiwa mbichi. Ikikauka itaiva." Akakipiga rangi kibati cha majaribio kwa bunduki ya kupulizia, juu ya praima (rangi ya msingi) ya kijivu, mikono mitatu, yaani tabaka tatu, kama ambavyo fundi angepiga kwenye gari, badala ya kupaka kwa kijiti. Mashine ilisema tofauti kati ya kibati na mfuniko, ile inayoitwa delta E, iko chini ya 1, kiwango ambacho jicho la kawaida hukiona kwa taabu.

Saa sita mchana, nje ya duka, kibati na mfuniko vilikuwa kitu kimoja. Nililipa nikaondoka nikiwa na furaha, na furaha hiyo ikadumu hadi jua lilipoinama. Kwenye mwanga wa jioni kibati kiliegemea bluu ilhali mfuniko ulibaki na ujoto wake. Hili si jambo la uchawi wala si macho ya uzee. Rangi mbili zinaweza kulingana chini ya mwanga mmoja na kuachana chini ya mwingine ikiwa zimetengenezwa kwa chembe tofauti za kutia rangi, na wachanganyaji wa leo hawatumii tena chembe zote za miaka ya 1970. Nyingi za njano na kijani za wakati ule zilikuwa na madini ya risasi. Ndiyo maana pia rangi ya zamani inapaswa kusuguliwa kwa msasa wa maji, si mkavu, ili vumbi lake lisiingie kifuani.

Nilirudi siku iliyofuata nikitarajia mabishano. Dada yule alikitazama kibati mlangoni, akakipeleka chini ya tyubu, akakirudisha nje, kisha akasema tatizo ni njano aliyotumia, kwamba ni kali mno. Akaichanganya upya kwa kuiondoa sehemu kubwa ya njano ile na kuweka njano ya udongo, akarekebisha nyeusi, akapiga kibati kipya. Kazi ilichukua karibu saa tatu na hakudai nyongeza. Kibati hicho nimekitazama asubuhi, adhuhuri, jioni na chini ya taa ya sebuleni, na sijaweza kukitenganisha na mfuniko isipokuwa kwa mng'ao, kwa sababu rangi za sasa za hadina hung'aa kuliko zile za zamani na mng'ao hufanya kijani kionekane kimezama zaidi. Wapo wanaoongeza dawa ya kuufifisha. Mimi nimeuacha, vumbi la huku litaifanya kazi hiyo bila malipo.

Limestone ya paa ilipatikana kwa safari moja, na sina la kusema juu yake zaidi ya kwamba ni nzuri.

Ushauri wa dukani kuhusu upakaji ulikuwa bora kuliko nilivyotarajia. Bodi ya Series ni ya aluminiamu kwa sehemu kubwa, na praima ya kawaida hubanduka kama ganda la kitunguu. Waliniuzia praima yenye asidi inayouma kwenye aluminiamu, wakaonya nisiwaachie mafundi wa mtaani wairuke kwa kuokoa muda. Walinishauri pia tupige rangi alfajiri kabla upepo wa kiangazi haujaamka, na sakafu imwagiwe maji. Lakini hawauzi barakoa zenye vichujio, na hili ni pungufu kubwa kwa duka linalouza hadina kila siku. Hadina hizo zina kemikali za aisosayaneti zinazoweza kumwachia fundi pumu ya maisha, na kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote.

Jambo jingine la kudai: fomula iandikwe juu ya kopo. Kopo la kwanza lilikuwa na neno "green" kwa kalamu ya wino, na hata kama lingekuwa ndilo sahihi nisingeweza kulirudia. La tatu lina gramu za kila rangi, tarehe na namba ya risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), nami nimechanganyishiwa lita nne kwa mkupuo mmoja, lita moja zaidi ya mahitaji, kwa kuwa hata fomula ileile ikichanganywa siku nyingine inaweza kupishana kidogo. Nendeni siku za katikati ya juma. Jumamosi foleni ya bodaboda na daladala zilizogongwa ni ndefu, na hakuna anayepata nafasi ya kusubiri kibati kikauke. Ulizeni kwanza kama dada yupo.

Fedha ya nusu lita ya kwanza hawakurudisha. Nimeipaka mlango wa banda la kuku.