Siga bora ya mwaka: ipi ununue, ipi uiache ipite

Kila Januari simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Kaka, namba moja imetoka, inapatikana wapi?" Wanaouliza ni wavutaji wenzangu wa siga, zile sigara nene za majani ya tumbaku, hapa Dar. Jibu hutoka kwa jamaa yetu wa Muscat, maana yeye ndiye mbebaji wetu. Wiki haijaisha atakuwa ameshajibu: imekwisha, au ipo kwa bei ya kutisha.

Orodha inayosababisha haya yote ni ya jarida la Marekani, Cigar Aficionado. Marvin Shanken alilianzisha mwaka 1992, na tangu 2004 hutangaza siga 25 bora za kila mwaka. Sina ugomvi nalo. Waonjaji wake huletewa siga zilizovuliwa pete, ile karatasi yenye jina, hawajui wanavuta ya nani, na alama 100 hugawanywa hivi: 15 za umbo na usokotaji, 25 za ladha, 25 za namna inavyowaka na kuvutika, 35 za jumla. Hizo 35 ndizo za kukodolea macho. Zaidi ya theluthi ya alama inajibu swali moja tu: wewe mwonjaji umeipendaje? Kwa hiyo siga ya 96 kuipita ya 94 kunaweza kuwa ni midomo ya watu wachache tu, tena watu ambao pengine wanapenda pilipili na kahawa chungu kuliko wewe.

Jambo la pili husahaulika zaidi. Alama hupewa saizi moja, si ukoo mzima. Mshindi wa 2014 alikuwa Oliva Serie V Melanio, lakini ile Figurado, yenye ncha iliyochongoka. Ukichukua Melanio ya saizi nyingine, uwiano wa jani la nje na majani ya ndani umebadilika, na ladha inabadilika nayo. Nimeshuhudia mtu akilalamika kwamba "orodha inadanganya" huku ameshika saizi ambayo haikupewa taji hilo.

Sasa tuje kwenye pesa. Nimepanga kuanzia linalolipa zaidi.

Kwanza kabisa: washindi wa zamani ambao bado wanatengenezwa kila mwaka. Hapa ndipo orodha ina faida ya kweli. Fujo imeshapita, bei imetulia, na kiwanda kinaendelea kusokota. Melanio Figurado imo humu. E.P. Carrillo Encore Majestic, mshindi wa 2018, imo pia, nami ndiyo humpa mtu anayetaka kuelewa watu wanasifia nini: laini, haina fujo, na haikuleweshi ukiwa umekula vizuri. Montecristo No. 2 ya Cuba ilishinda 2013. Ni milimita 156 kwa unene wa 52, maana yake sehemu 52 kati ya 64 za inchi, kama milimita 20 na nusu hivi. Mmarekani hawezi kuinunua dukani kwao kwa sababu ya vikwazo vya tangu 1962, ingawa jarida la kwao ndilo lililoivika taji. Sisi hatuna kizuizi hicho, ila tuna bandia, na nitazifikia.

Pili: zilizo chini ya orodha, kuanzia kumi hadi 25. Hakuna anayezikimbilia. Soma bei iliyoandikwa kando ya kila jina kabla ya kusoma alama, na mara nyingi utaikuta moja iliyopata alama mbili tatu pungufu kwa nusu ya bei ya ile ya juu. Wala siga ya bei ndogo haikatazwi kileleni: Casa Magna Colorado Robusto ya Nicaragua ilikuwa ya kwanza mwaka 2008, na haikuwa siga ya matajiri.

Tatu: kulinganisha orodha kadhaa. Halfwheel, tovuti ya siga, hukusanya orodha za waandishi wengi na kuzijumlisha kuwa moja, inaitwa The Consensus. Jina likijitokeza kwa watu wasiokaa chumba kimoja, lina uzito. Ubaya wake ni kwamba siga ya ajabu iliyopendwa na wachache huzama.

Nne: namba moja ya mwaka huu. Subiri. Mwaka ujao itakuwa imehamia kwenye kundi la kwanza hapo juu, kama si toleo la mara moja tu.

Mwisho kabisa: Cohiba Behike ya Cuba na ndugu zake wa kifahari. BHK 52, saizi mojawapo ya Behike, ilishinda 2010, mwaka uleule ilipotoka. Mwaka 2022 bei za Cohiba na Trinidad, chapa nyingine ya Cuba, zilipandishwa kote duniani, na sasa Behike moja hupita dola 100 bila kushtuka. Ukiuziwa kwa bei ya kuhurumiwa, imeghushiwa. Cohiba ya kweli haiuzwi kwenye boksi lenye kifuniko cha kioo. Ukikiona hicho kioo, shukuru na uondoke. Boksi halali la Cuba lina muhuri wa dhamana, na chini limegongwa msimbo wa kiwanda pamoja na mwezi na mwaka kwa Kihispania: ENE ni Januari, AGO ni Agosti, DIC ni Desemba. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aligeuze boksi uone.

Dukani, ibonye siga taratibu kuanzia mguuni, upande unaowashwa, hadi kichwani, upande wa mdomo. Isiwe na sehemu ngumu kama kokwa, kwani hapo haitavutika, wala sehemu laini kama mto. Alama za jarida zilitolewa kwa siga iliyotunzwa vizuri, si kwa hii iliyokaa miezi sita kwenye kabati la kioo chini ya taa.

Na hapo ndipo orodha yoyote inapoishia. Niliwahi kuweka siga tatu za "namba moja" kwenye droo, Februari, chumba hakina kiyoyozi. Wiki ya tano nikakuta vitundu kama vya sindano kwenye jani la nje na unga mwembamba wa kahawia chini yake. Mdudu wa tumbaku: mayai yake husafiri ndani ya jani, na joto likipita nyuzi 24 hivi huanguliwa. Unahitaji unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na mahali penye ubaridi. Boksi la plastiki la jikoni lenye mfuniko unaobana, pamoja na pakiti moja ya kutunza unyevu, linatosha kabisa.

Halafu usije ukaambiwa siga haina madhara kwa vile moshi haumezwi. Saratani ya mdomo na koo haiulizi hilo.

Jamaa wa Muscat anakuja mwezi wa tatu. Nimemwagiza Encore mbili na pakiti nne za unyevu.